Chafya ya Chepngetich

Jumanne ya kliniki pale Roret, Janeffer alimvua mtoto shali, akamwingiza miguu katika ile kaptula ya plastiki ya kupimia, na nesi Adoyo akaitundika kaptula kwenye ndoano ya mizani. Mtoto alining'inia akitazama paa. Mshale ulibaki kwenye sifuri. Adoyo aliugonga uso wa mizani kwa kucha, akamtoa, akamtundika mtoto wa mama aliyefuata kwenye foleni, na mshale ukaruka hadi kilo sita na ushee. Akamrudisha Chepngetich. Sifuri.

“Ni vile vile kama last month,” Adoyo alisema. “Ananyonya?”

“Ananyonya sana, sista.”

“Choo?”

“Anaenda vizuri.”

“Basi hana shida. Ni scale tu haimuoni.”

Alichora kistari kwenye kadi mahali pa uzito, akamdunga mtoto sindano ya chanjo, na dawa ikateleza juu ya ngozi kama maji juu ya jani la nduma. Adoyo aliipangusa kwa pamba na kusema watajaribu tena mwezi ujao. Foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyegeuza shingo.

Haikuwa mizani peke yake. Mvua ya Roret haina adabu, humnyeshea askofu na mwizi sawasawa, lakini Chepngetich ilimruka. Mama yake angefika nyumbani amelowa chapachapa na mtoto mgongoni mkavu kama unga. Mbwa wa nyumbani hakuwahi kumnusa. Mpiga picha wa sokoni alimpiga picha akiwa amepakatwa, na ilipotoka ilimwonyesha Janeffer akitabasamu huku mikono yake imekumbatia shali tupu. Mpiga picha alimwongezea nakala moja bure. Siku ya kumweka mtoto wakfu, pasta alimwombea mama, akamwombea baba, akawaombea ng'ombe, akasema amina. Kipngeno, baba wa mtoto, mtu mwema ila ana haraka, alikuwa amejifunza kupapasa kila kiti kwa kiganja kabla ya kukaa.

Janeffer ndiye aliyemjua kwa uzito. Akimbeba alisikia mgongo ukivutwa, akimnyonyesha alisikia mkono ukifa ganzi, na hilo lilimtosha. Lakini wiki zile hata mgongo wake ulianza kusahau. Asubuhi moja alifunga shali, akateremka hadi barabarani, akasalimiana na watu kwenye kituo cha majani ya chai, na alipofika karibu na soko akagundua kwamba shali limefungwa vizuri na ndani yake hamna mtu. Alirudi mbio. Chepngetich alikuwa kitandani, akirusha miguu, hana kinyongo na mtu. Janeffer alikaa chini sakafuni akaogopa. Hakuna neno lingine la kuweka hapo. Ikiwa mama mzazi naye ataacha kumwona, mtoto atabaki wa nani?

Sababu ilijulikana kijiji kizima. Mtoto hakuwa amepiga chafya.

Kwa Wakipsigis mtoto huzaliwa na jina la saa yake. Huyu aliitwa Chepngetich kwa kuwa alizaliwa wakati ng'ombe wanatolewa kwenda malishoni. Baadaye kanisa humpa jingine la Biblia. Lakini katikati kuna jina la tatu, kurenet, na hilo hakuna anayelichagua. Wanawake wazee huketi kumzunguka mtoto mchanga, na mmoja wao huita majina ya marehemu wa nyumba ya baba, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Likitajwa lililo lake, mtoto hupiga chafya. Basi mwenye jina amerudi, wanawake wanacheka, chai inamiminwa, na mtoto amefika duniani. Mtoto mgumu husaidiwa kwa ugoro kidogo puani. Kanisa halipendi mambo hayo, kwa hiyo siku ya Chepngetich walianza kwa sala.

Aliyeita alikuwa bibi yake, Kogo Chepyegon, mama yake Kipngeno, mjane mwenye mgongo ulionyooka na kumbukumbu ndefu. Aliita mama mkwe wake, akaita mashangazi, akaita waliokufa kwa njaa ya zamani, akaita hata wale ambao yeye peke yake ndiye aliyebaki kuwajua. Kimya. Ukaletwa ugoro. Wanawake wote wakapiga chafya, paka akapiga chafya, Kipngeno aliyekuwa nje akipasua kuni akapiga chafya. Mtoto alipiga miayo. Wanawake walikunywa chai yao wakatawanyika, na tangu siku hiyo mizani haikumwona.

Sasa, Janeffer alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha kanisa hapo Roret. Mashine zilikuja mwaka ule wa tisini na tisa kutoka kanisa la ng'ambo, ndani ya maboksi yenye vipande vyepesi vya plastiki vyeupe ambavyo watoto walivifanya theluji, na diski zake zilikuwa tupu kama vibuyu vipya. Fundi Gitonga aliitwa kutoka Kericho mjini. Alikuja na begi la bisibisi na sidii alizonakili mwenyewe, akaziwekea mashine zote Linux, programu ya kuziendesha, kwa kuwa ni ya bure na, kama alivyosema, haiombi ruhusa ya mtu. Wanafunzi hawakujua kuna nyingine, kwa hiyo waliipenda.

Kutoka kliniki siku ile Janeffer alikwenda moja kwa moja kazini, mtoto mgongoni, akaiwasha mashine iliyo karibu na dirisha. Mistari ikaanza kupanda, myeupe juu ya weusi, kama ilivyokuwa ikipanda kila siku. Kumbukumbu ya mashine imepatikana. Diski imepatikana. Kibodi. Kadi ya mtandao. Kisha ukaja mstari ambao hakuwahi kuuona: kifaa kisichojulikana, mtengenezaji hajulikani, draiva haipo.

Aliuzungusha mkono nyuma kumshika mtoto mguu. Akampeleka jikoni, akamkabidhi mpishi wa chuo. Mpishi alimpokea, akasahau kuwa amempokea, akaendelea kumenya viazi kwa mkono mmoja bila kujiuliza mwingine una kazi gani. Janeffer akarudi, akaizima mashine na kuiwasha. Mstari haukuwepo. Akamleta mtoto. Mstari ukarudi. Alifanya hivyo mpaka akaridhika, na kila mara mashine ilitoa ushahidi ule ule: mtoto akiwepo mstari upo, asipokuwepo haupo. Hapo Janeffer alikaa akalia kwa furaha mbele ya wanafunzi wa uchapaji, ambao walidhani kuna kilichoharibika wakaendelea kuchapa. Tangu Chepngetich azaliwe, hiki kilikuwa kitu cha kwanza, ukimtoa yeye mama yake, kilichokiri kuwa yupo.

Gitonga alikuja kesho yake, maana tayari alikuwa na kazi ya kadi za mtandao pale chuoni. Alizaliwa Kedowa, baba yake alikuwa amehamia huko kutoka Nyeri kulima, na alikijua Kipsigis kiasi cha kutukanana kwa upendo sokoni. Aliutazama mstari, akauinamia.

“Hii ni nini umeongeza, mwalimu?”

“Ni mtoto.”

Gitonga alimtazama mtoto, yaani alitazama mahali mama yake alipokuwa anatazama. “Sawa,” akasema, akavuta kiti.

“Ameharibika?”

“Zii. Kitu mbovu haiwezi kujibu. Hii imeulizwa, ikajibu. Iko sawa kabisa. Yenye haiko ni driver.”

Gitonga alipenda kueleza, na Janeffer siku hiyo alikuwa na masikio. Alisema kwamba mashine ikiamka, kile kiini chake, kerneli, huzunguka nyumba nzima kikibisha kwenye kila sloti, tundu la kuchomekea kadi: kuna mtu? Kadi za kisasa hujibu zenyewe. Kila moja huja na namba mbili ilizozaliwa nazo, ya kwanza ya aliyeitengeneza, ya pili yake mwenyewe. Kerneli ikishazipata hutafuta kati ya moduli zake. Moduli ndizo madraiva, programu ndogo za kusemeshana na kadi, zimelala stoo kwenye diski, na kila moja ina orodha ya namba inazoweza kuziitikia. Inayolingana huamshwa, huingia ndani ya kerneli, na kuanzia hapo kadi inaweza kusema na kusikia. Isipolingana hata moja, kadi hukaa pale pale kwenye sloti, nzima, ina umeme, na hakuna anayeweza kuitumia.

“Sasa huyu wako,” Gitonga alisema, akafungua faili ambamo kerneli huandika yote iliyoyaona, “namba yake ya kwanza siijui. Na mimi najua karibu zote zenye hufika huku. Nyinyi mlimuitia majina gani?”

Janeffer akamsimulia habari ya chafya. Haikuwa habari mpya kwa mtu wa Kedowa.

“Yote ya nyumba moja?”

“Ya akina Kipngeno. Ndivyo hufanywa.”

“Hapo ndio shida. Hiyo ni kama kujaribu module zote za kampuni moja kwa kadi ya kampuni ingine. Mtaita mpaka Yesu arudi. Kuna mtu alisaidia kutengeneza huyu mtoto na hayuko kwa directory yenu.”

Janeffer alimtupia jicho ambalo lingekausha majani ya chai bila kiwanda.

“Sisemi hivyo, mwalimu!” Gitonga aliinua mikono yote miwili. “Nyuma. Nyuma kabisa, kwa watu wa zamani. Na msiite ovyo. Hizi kadi za kitambo zenye hazina namba, kerneli inabisha tu ikibahatisha, na ikibisha mlango siyo wake, machine yote inaganda.”

Kisha akageukia kadi za mtandao zilizomleta. Aliandika amri ya kuingiza moduli, na mashine ikakataa, ikilalamika kuwa kuna vitu haivipati. Gitonga akacheka. Moduli ile, alisema, inaitwa ne2k-pci, na haisimami kwa miguu yake. Imesimama juu ya nyingine, 8390, na hiyo isipotangulia, unaweza kuliita jina sahihi kabisa usipate kitu. Akaandika modprobe badala yake, ambayo hujua kumtanguliza anayetangulia, na taa ya kijani ikawaka nyuma ya mashine. Janeffer alilitia neno hilo moyoni.

Alimkuta Kogo nje ya boma akisugua kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, kwa ujiti wa mkaa wa mti wa senetwet. Kogo hukisema Kiswahili akiwa na wageni tu, kwa hiyo waliyoyasema yalikuwa ya Kipsigis.

“Kogo, mashine ya chuoni imemwona mtoto. Ni nani ambaye hamkumwita?”

“Tuliita wote.”

“Wote wa nyumba hii. Ni nani wa nje aliye na mkono ndani ya nyumba hii?”

Kogo alisugua kibuyu. Waswahili husema yaliyopita si ndwele, na Kogo, ingawa si Mswahili, alikuwa ameishi kwa msemo huo miaka saba bila kuugua. Janeffer hakuondoka. Alikuwa ameolewa hapo mwaka wa tisini na sita kutoka upande wa Bomet, akakuta nyumba ina mashamba mawili ya chai, la juu lenye mawe na la chini, kando ya mto, lenye majani mazito. Hakuwa ameuliza la chini lilitoka wapi. Bibi harusi haulizi.

“Nilipomzaa Kipngeno niliugua,” Kogo alisema hatimaye, akikisemesha kibuyu. “Nililala kama maiti. Ziwa lilikauka. Chini pale mtoni palikuwa na Mgusii na mke wake, Elmina. Walipanunua kwa baba mkwe wangu, kwa ng'ombe, watu wakiona. Elmina alikuwa na mtoto wake mchanga, Ongeri. Akaja akamchukua wangu. Ziwa moja Ongeri, ziwa moja Kipngeno, mpaka nikasimama tena.”

“Kipngeno anajua?”

“Ataambiwa na nani?”

“Na Elmina yuko wapi?”

“Mwaka wa tisini na mbili, kwenye vita vya makabila, walifukuzwa. Unaujua mwaka ule, na huko kwenu kulikuwa na moshi.” Kogo aliweka kibuyu chini. “Alikuja mlangoni jioni. Alibisha. Aliita jina langu, akaita la Kipngeno, na Kipngeno alikuwa Kericho kazini. Mimi nilikuwa ndani. Mzee wangu aliweka kidole mdomoni, nami nikanyamaza. Elmina alifia Keroka, kwenye uwanja wa kanisa walikolala na mvua.”

“Na shamba?”

“Si unalichuma kila wiki?” Kogo alisema.

Janeffer alitazama chini mtoni. Kutoka pale bomani majani yalikuwa kijani kimoja, yamekatwa usawa mmoja, huwezi kujua mahali nyumba ilipokuwa. Aliona aibu na hakujua aiweke wapi, maana hakuwa amemfukuza mtu, na viatu alivyovaa vilitoka kwenye majani yale.

“Mwite, Kogo.”

“Siwezi kumwita mtu wa nje. Nyumba itakwama.”

“Imeshakwama.”

“Nikimwita atakuja. Akija atataka kuingia.”

Wakaachana hapo. Kogo alirudia kibuyu chake. Siku zilizofuata alifanya kazi za watu wawili, akafagia boma mpaka udongo ukachoka, na kila alipopita alipolazwa mtoto alipita mbali. Ijumaa Janeffer alikwenda kukamua, akampakatisha Kogo mtoto. Aliporudi na ndoo alimkuta Kogo ameketi vile vile, mikono imekunjwa kifuani, anazungusha macho chumbani.

“Yuko wapi?” Kogo aliuliza, naye amemshika.

“Yuko mikononi mwako.”

Kogo alitazama mikono yake muda mrefu. Alikuwa amewahi kuzika mume na watoto wawili, lakini hao alijua amewaweka wapi.

“Kesho nipeleke kwa hiyo mashine yako,” alisema.

Jumamosi hakuna masomo chuoni. Kogo alivaa nguo za kanisani na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, Kipngeno alivaa kofia, na Janeffer akambeba mtoto huku mkono mmoja ukimshika mguu njia nzima asije akampoteza. Mvua ilikuwa ikinyesha kutoka upande wa kiwanda cha chai. Waliketi karibu na dirisha, mashine ikawashwa, mistari ikapanda, na Janeffer akamtafsiria Kogo mmoja mmoja mpaka ule wa mwisho.

“Kwa hivyo nayo huita majina,” Kogo alisema.

“Huita.”

“Na kitu kisipojulikana?”

“Huandika kuwa kipo, kisha huendelea na kazi yake.”

“Ina heshima,” Kogo alisema, akampokea mtoto.

Hakukuwa na sala wala mduara wa wanawake. Kogo aliinamia mahali alipoambiwa uso ulipo, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita ng'ambo ya ua: “Elmina.”

Mtoto aligeuza kichwa. Pua ikakunjamana. Kipngeno akaacha kuipangusa kofia yake. Walingoja, na pua ikakunjuka tena, na kwenye skrini mstari ulikuwa ule ule. Kogo akaingiza mkono mfukoni kutafuta ugoro.

“Si ugoro, Kogo.” Janeffer alimshika mkono. “Jina ndilo, umeona alivyogeuka. Ila halisimami peke yake. Kuna kinachotangulia.”

“Kitu gani?”

“Wewe ndiye unakijua.”

Kogo alikijua. Alimtazama mwanawe, mwanamume mzima mwenye ndevu ambaye alikuwa amemlea kwa fahari kama kwamba alimnyonyesha mwenyewe tangu siku ya kwanza. Mficha uchi hazai, na Kogo alikuwa amevaa nguo za kanisani. Alivuta pumzi.

“Elmina, uliyemnyonyesha Kipngeno wangu nikiwa nimelala kama maiti,” alisema. “Mama yake wa pili. Ulibisha nikakusikia. Tumekukalia shamba, Elmina. Ingia.”

Chepngetich alipiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, yenye ute, ya kawaida kabisa. Kwenye skrini ukapanda mstari mmoja uliosema kifaa kimetambuliwa, moduli imeingia, na chini yake mashine ikaomba jina la mtumiaji kama kawaida yake. Kiti cha Kogo kikalia. “Wui, ni mzito!” Kogo alisema, akamshika kwa mikono yote miwili, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, mvua ikaingia ikamlowesha mtoto utosi. Mtoto akalia kwa sauti. Mpishi, ambaye Jumamosi huja kuchota maji, alichungulia mlangoni.

“Mtoto wa nani huyo analia hivyo?”

“Wangu,” Janeffer alisema. Akarudia kwa sauti zaidi, maana alipenda ladha yake: “Ni wangu!”

Njiani Kipngeno alimbeba mtoto yeye mwenyewe. Walipovuka daraja alisema:

“Kwa hivyo Ongeri ni ndugu yangu.”

“Ni ndugu yako,” Kogo alisema.

“Na shamba la chini?”

“Mtoto amelowa,” Kogo alisema. “Twende nyumbani.”

Mwezi uliofuata Adoyo aliandika kilo saba, akamdunga chanjo zote alizokosa, na Chepngetich alililia kila moja peke yake. Mbwa alimramba. Mpiga picha aliombwa arudie, na safari hii alidai malipo kamili. Jina likatumika nyumbani. Kogo alipomwogesha alimwita Elmina, na alipomwita hivyo sauti yake ilikuwa ya zamani, ya jirani kwa jirani. Usiku hakufunga tena mlango kwa komeo.

Kipngeno alikwenda Keroka kumtafuta Ongeri. Hakujua angeanzia wapi kumweleza, lakini Wagusii nao huwarudisha watu wao kwa majina, kwa hiyo maelezo hayakuwa marefu. Ongeri alikuja Jumapili moja baada ya ibada, amevaa koti, mtu mwembamba mwenye kushona viatu, umri mmoja na Kipngeno. Kogo alimngoja langoni.

“Karipu, Ongeri,” alisema kwa Kiswahili chake cha wageni. “Mama yako amerudi kwangu. Nimemfungulia.”

“Asante, mama,” Ongeri alisema.

Janeffer akamkabidhi mtoto. Ongeri alimwinua mbele ya uso wake. “Bwakire buya, mama,” alimwamkia, na mtoto akamshika sikio, akalivuta. Ongeri akamshusha na kumwinua tena, polepole, kama mtu apimaye gunia kabla ya kulibeba.

“Ni mzito,” alisema. “Alipokufa alikuwa mifupa tu. Nilimbeba na mkono moja.”

Akacheka, machozi yakimtoka, na Kipngeno akamshika bega naye pia akitokwa na machozi, na kwa muda watu wazima wote pale bomani hawakufaa kwa kazi yoyote. Kisha wakanywa mursik. Ongeri alikunywa mpaka chini, akapangusa masizi mdomoni, akasema ni ile ile. Akaomba kutembea kidogo mtoni. Walimpeleka wote. Alipita katikati ya michai amempakata mtoto, majani yakimfika kiunoni, mpaka mahali fulani ambapo hapakuwa na tofauti na pengine popote, akasimama hapo. Mtoto aliinama kutoka mikononi mwake, akachuma jani, akalitia mdomoni.

“Chai imekubali hapa,” Ongeri alisema.

“Imekupali sana,” Kogo alisema.

Mto ulikuwa umejaa na ulisikika vizuri. Jua lilipoanza kulala, Ongeri alisema ana safari, akapewa kibuyu cha maziwa, jogoo aliyefungwa miguu na viazi vya watoto wake, na Kipngeno akamwambia Krismasi aje na familia nzima, watachinja. Ongeri alikubali kwa moyo mweupe. Kogo alimsindikiza mpaka langoni akimshika mkono.

“Uje, usipotee tena,” alimwambia. “Hapa ni kwenu.”

“Najua, mama,” Ongeri alisema.

Jumatatu walichuma shamba la chini, kwa sababu lilikuwa limeiva na gari la majani halimngoji mtu. Kogo alishika mstari wake, Janeffer wake, mtoto mgongoni, mzito kiasi kwamba shali lilimkata bega ikambidi asimame kila alipofika mwisho wa mstari. Kila aliposimama, Chepngetich alinyoosha mkono juu ya majani na kusema neno lake, lile moja alilokuwa nalo, refu na lisilo na konsonanti. Kogo alimjibu kila mara bila kuinua kichwa. “Ndiyo, Elmina,” alisema, “ndiyo, nakusikia,” na mikono yake ikaendelea kuchuma.